Niliagiza pazo (picha ya kuunganisha vipande) la bakteria wa TB, nikaletewa wengine kabisa

Nyota moja, na hiyo moja ni ya bodaboda aliyeleta mzigo kwenye mvua.

Mimi ni mtu wa maabara. Baba yangu aliugua TB, akameza dawa miezi sita, ile miwili ya mwanzo vile vidonge vyenye dawa nne ndani, mkojo ukawa rangi ya chungwa mpaka akaogopa, na kila nikienda kumwona swali ni lile lile, hivi huyo mdudu anayenimezesha yote haya anafananaje? Namwambia baba, ni kijiti chembamba, kimepinda kidogo, kina ganda la nta, na anazaliana taratibu sana, mmoja kuwa wawili ni karibu siku nzima, ndo maana dawa haziishi haraka. Anaitikia lakini naona kabisa hajaridhika, anataka kumwona.

Sasa alipomaliza dozi nikakutana na tangazo la pazo, vipande 1000, picha ya hadubini, vijiti vyekundu juu ya bluu, yaani slaidi ya makohozi iliyopakwa rangi ya ZN (Ziehl-Neelsen, inayomfanya mdudu wa TB aonekane mwekundu) kama tunayoisoma sisi kila siku. Nikasema hii ndo zawadi ya baba. Hata bei sikuomba kupunguziwa.

Boksi likaja, picha juu ni ile ile. Jioni tukamwaga mezani, mimi, baba na mwanangu wa darasa la tano. Mtoto ndo akaanza, "Mama, mbona hakuna nyekundu?" Nikamwambia tafuta vizuri. Tukageuza vipande vyote, hamna nyekundu, hamna bluu, ni zambarau na waridi iliyopauka tu. Nikashika vipande vitatu vilivyoshikana nikaviweka karibu na taa, viduara, vimebanana kichala kama zabibu za Dodoma. Aisee moyo ulinidunda. Hao ni stafilokokasi! Rangi ya Gram, aina nyingine kabisa ya kupaka slaidi! Mdudu wa majipu na vidonda, hana hata undugu wa karibu na TB.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote, kaka habari, mmechanganya, vilivyomo ndani sio vya boksi hili. Akaniuliza kama nilirekodi video wakati nafungua. Nani anarekodi akifungua zawadi ya baba yake? Nikamtumia picha ya vipande na ya boksi, nikamweleza tofauti, ndo akanijibu kwa sauti, nimeisikiliza mara nyingi mpaka naijua kwa moyo: "Sista, wadudu si wadudu tu? We unganisha, nani atajua?"

Nani atajua! Mimi najua. Mtu akinikosea slaidi hivyo kazini mgonjwa anapewa dawa ya ugonjwa ambao sio wake. Na baba yangu alikonda kwa ajili ya mdudu mmoja mwenye jina lake, sio kwa ajili ya "wadudu tu".

Niseme haki lakini, pazo lenyewe zuri. Vipande vinene, vinashikana, vumbi la karatasi hamna. Tukaamua kuliunganisha hivyo hivyo bila picha ya kufuatisha, na zile jioni sitazisahau, nawaelekeza fuateni vichala, pale palipokolea ndo wamelaliana, baba na miwani yake anasogeza kipande kwa kidole kimoja. Nikawa nawapigia stori za Robert Koch, yule daktari Mjerumani, alivyomtangaza mdudu wa TB pale Berlin tarehe 24 Machi 1882. Baba akasema, "Mwaka huo Wajerumani hata hawajaanza kututawala." Tulivyomaliza nilishasamehe, nikawa nawaza nyota tatu, hata nne. Baba akaangalia akauliza, "Ndo hawa?" Nikasema hapana baba, sio hawa. Akanyamaza, akaanza kufuta miwani.

Bado nilikuwa nimesamehe. Nikamtumia muuzaji picha ya pazo likiwa kamili, aone kilichokuwa ndani ya boksi lake, akague na maboksi mengine kabla hajayatuma. Nilidhani ataniomba radhi. Juzi nafungua ukurasa wake naikuta picha yangu, meza yangu, mkono wa baba unaonekana pembeni, ameandika juu: "Mteja wetu kaunganisha bakteria wa TB, karibuni."

Nimemwandikia afute. Amesoma, kimya. Nimeandika kwenye maoni kwamba hao sio TB, ni stafilokokasi, akafuta maoni yangu na picha akaiacha. Kwa hiyo ni nyota moja, na kama unanunua kwa sababu kama yangu, fungua boksi mbele ya bodaboda uangalie rangi, usipoona nyekundu juu ya bluu mrudishie palepale.

Baba nimemwonyesha vijiti vyenyewe kwenye simu yangu. Alikaa nayo muda mrefu, anavuta picha ikubwe, anarudisha, anavuta tena.