Darubini ya mtumba 8x42, baada ya miezi minne

Niliinunua hapa Dodoma kwa muuza mitumba. Alianzia laki na nusu, tukamalizana elfu tisini. Chapa imefutika, zimebaki namba tu: 8x42, yaani inakuza mara nane, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Kabla yake nilikuwa na ya mfukoni, 10x25, nikijua kumi ni zaidi ya nane, basi. Kumbe jioni kazi iko kwenye namba ya pili. Gawa 42 kwa 8, unapata upana wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni, milimita 5 na ushee; ukiwa mpana, gizani unaona vizuri zaidi. Gawa 25 kwa 10, ni 2.5 tu.

Hesabu hiyo niliiona kwa macho Ruaha, nilipokwenda na shemeji kupitia Mtera. Jua linazama, akasimamisha gari: "Shem, mwizi wa kuku wa mama yule pale!"

Kwenye ile ndogo niliona doa la kijivu kwenye nyasi kavu. Kwenye hii nikaona masikio, yaani masikio yenyewe, mapana kuliko uso, yameinamishwa hadi karibu na udongo. Bweha masikio. Alipiga hatua tatu, akatulia kusikiliza, akazamisha pua, taya likaenda mbio kama sindano ya cherehani, akasogea tena. Chakula chake hasa ni mchwa wanaokata majani, na mbawakawa wa kwenye samadi. Ana meno madogo madogo, 46 hadi 50, wakati mbwa wa nyumbani ana 42.

Shemeji akaninyang'anya darubini, akakaa nayo mpaka giza. "Sasa kuku wa mama nani alikula?" Nikamwambia amuulize bweha mgongo mweusi, au majirani.

Kasoro zipo. Gurudumu la kurekebishia limekaza kwa vumbi letu hili, mkanda ulikatika wiki ya pili, na shingo inauma ukiivaa kutwa. Lenzi ya kushoto ina utando wa fangasi kwa ndani. Muuzaji aliniapia ni vumbi, litafutika. Halifutiki. Wewe ukinunua, igeuze, uchungulie kwa upande mpana ukielekea mwanga wa dirishani (siyo jua!), kabla hujatoa hela.

Kwa elfu tisini, ningeinunua tena. Ile 10x25 bado ninayo, inatosha mechi za mchana pale Jamhuri.