Uzoefu wangu na wakili wa madai ya bima baada ya kugongwa na daladala, soma kabla hujasaini chochote

Nimekaa na hili jambo muda mrefu, leo nimesema niandike tu, maana kila mara nasikia mtu kagongwa na ndugu zake wanapitisha daftari la michango mtaani wakati gari lililomgonga lina bima, na hakuna aliyewaambia kwamba ile bima ndogo ambayo kila gari inalazimishwa kisheria kuwa nayo ipo kwa ajili ya mtu kama huyo huyo aliyelala wodini.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mbezi. Machi 2022 asubuhi na mapema nilipanda boda kwenda Kimara kupeleka nguo za send off, tupo kwenye ile barabara ya njia nane, kituoni kuna daladala inapakia, nyuma yake ikaja nyingine ya ruti hiyo hiyo, basi ile ya kwanza ikachomoka kuwahi abiria wa kituo cha mbele, hakuwasha indiketa wala hakuangalia kioo, akatubana ubavuni sisi tunapita. Mguu wangu wa kushoto ukabaki katikati ya boda na bampa. Baadaye ndo nikajua dereva alikuwa deiwaka, kapewa gari asubuhi ile ile na anatakiwa jioni apeleke hesabu kwa bosi. Watu wanasema madereva wa daladala wana roho mbaya, mi naona chanzo ni hiyo hesabu, maana wengi hawana mshahara, bosi anachukua chake kwanza, yanatoka mafuta, kinachobaki ndo anagawana na konda, sasa mtu wa hivyo atakubali vipi kupitwa kituoni?

Muundi ulivunjika sehemu mbili, nikapelekwa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nikawekewa chuma. Namshukuru Mungu na wale madaktari na manesi, walinihudumia vizuri sana.

Siku ya nne nikiwa wodini akaja kaka mmoja msafi, shati limepigwa pasi, anajiita mtu wa bima. Akaniambia dada pole sana, haya mambo mimi nayajua, niachie kila kitu ndani ya miezi 2 hela yako iko mkononi. Kichwa kilikuwa kimejaa dawa za maumivu na mawazo ya kodi ya fremu, nikampa 250,000 ya kuanzia na nikampa PF3 yangu, ile fomu ya polisi ya matibabu, tena orijino. Wiki 3 simu inaita, baadaye haipatikani kabisa. Hela iliniuma ila PF3 iliniuma zaidi, mama yangu ilibidi aende polisi kutoa taarifa ya kupotea halafu aanze kufuatilia nakala iliyothibitishwa, na yule mama ana miguu inavimba. Jamani orijino usimpe mtu, toa kopi.

Wakili niliyempata baadaye nilielekezwa na mteja wangu, mama mmoja ambaye mumewe aligongwa zamani. Kaka yangu kabla ya kwenda akaingia kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama, akaandika jina la huyo wakili akaona yupo na ana leseni hai. Ni dakika 2 tu, ningefanya hivyo kwa yule wa kwanza nisingelia.

Nilichompendea huyu wakili ni kwamba siku ya kwanza hakuniahidi hela. Aliniuliza maswali kama saa nzima alafu akaniambia vitu ambavyo sikutaka kuvisikia. Mimi nilidhani dereva akikiri kosa na kulipa faini basi na mimi nimeshinda, akaniambia mwanangu ile faini inaenda serikalini, yako bado hujaanza kuidai, ila ile hukumu ya kesi ya trafiki tunaihitaji sana kwa sababu inaonyesha nani mwenye kosa. Akaniambia pia sheria inatoa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya aina hii, ikipita hata uwe na ushahidi wa kujaza gunia ni kazi bure. Tukaandikiana mkataba wa malipo, kila kitu kwa maandishi, nami nikabaki na nakala.

Ukweli kazi kubwa ilikuwa makaratasi. PF3, PF90 ya ripoti ya ajali, PF93 ya ukaguzi wa gari na PF115, zote fomu za polisi, ramani ya ajali, nakala ya hukumu, kadi ya gari, leseni ya dereva, risiti zote za hospitali mpaka za magongo. Kampuni ya bima tuliijua kwa kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ikaonekana bima ilikuwa hai siku ile. Halafu akaniambia nilete ushahidi wa kipato. Nikacheka kwa uchungu, mimi fundi nitatoa wapi salary slip? Akasema una daftari la oda? Ninalo, tena lile la kaunta lenye mafuta ya cherehani. Tukakaa nalo, akahesabu miezi 6 kabla ya ajali mstari kwa mstari, akalinganisha na miamala ya simu ya wateja, ikatoka picha ya ninachoingiza kwa mwezi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, akamuomba daktari aandike kwenye ripoti kwamba mguu huu ndo kazi yenyewe na atoe asilimia ya ulemavu wa kudumu. Hapo ndo nilielewa kwa nini watu wasio na ajira rasmi wanalipwa kidogo, sio kwamba hawaingizi, hawana pa kuonyesha.

Kampuni ya bima (siitaji jina) kwanza ilikaa kimya miezi, kisha wakasema dereva hakuwa dereva rasmi wa gari. Wakili akawajibu kwamba mwenye gari mwenyewe alishaandika maelezo polisi kuwa alimruhusu, na leseni ya deiwaka ilikuwa na daraja C la abiria. Barua ile nakala akaipeleka TIRA. Baada ya hapo wakaita mezani, wakatoa ofa ya milioni 1.8 na fomu ya dischaji, ya kukubali kwamba sidai tena, tayari imechapwa, inasubiri sahihi yangu tu. Nilikuwa na deni la kodi, mkono ulishaanza kushika kalamu. Wakili akauweka mkono wake juu ya karatasi akasema ukisaini hii umefunga mlango, na chuma bado kimo mguuni, nani atalipa operesheni ya kukitoa? Sikuwahi kuliwaza hilo.

Tuliandaa hati ya madai kabisa ya kwenda mahakamani, kabla haijasajiliwa wakarudi. Novemba 2023 nililipwa milioni 9.6, ikiwemo gharama ya kutoa chuma. Wakili akachukua milioni 1.2 kama tulivyoandikiana, na risiti nikapewa.

Nampa nyota 4. Moja nimeitoa kwa sababu ya mawasiliano, kuna kipindi karibu miezi 2 sikujua kinachoendelea, karani anasema tu mama yupo mahakamani, na mtu mgonjwa ukimuacha kimya hivyo anaamini ametapeliwa tena, mimi nilikuwa silali. Nilimwambia usoni akaniomba msamaha. Na kama wewe umeajiriwa na umeumia ukiwa kazini uliza pia habari za WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mimi najiajiri kwa hiyo haikunihusu.

Yule kijana wa boda aliumia mkono siku ile ile, kiwiko. Nilimpigia mara nyingi aje na makaratasi yake, wakili alikubali kumsikiliza bure, lakini hakuwa na leseni na alikuwa anaogopa kurudi polisi wasije wakamkamata. Kila tukikutana kijiweni ananiambia dada nitakuja wiki ijayo. Miaka yake 3 iliisha Machi 2025, na kiwiko mpaka leo hakinyooki.