Redio ya jamii ya wilaya yetu, na kipaza sauti kinapotoka studio

Redio ninayoitathmini hapa ni redio ya jamii yenye leseni ya kurusha matangazo katika wilaya moja tu ya pwani ya kusini ya Tanzania, na kwa muziki wala kwa umahiri wa sauti haiwezi kushindana na vituo vikubwa vya Dar es Salaam. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa pamoja na sifa nina lawama za kutoa, na wengi wa watangazaji wake ni vijana wa kujitolea ambao wakitoka studio tunakutana nao sokoni na misibani. Nimeisikiliza kwa miaka kadhaa, na kipimo changu ni kimoja: nini kinatokea vijijini baada ya kipindi kwisha. Kwa kipimo hicho redio hii inafanya mambo mawili vizuri sana, jambo moja inalifanya nusu nusu, na mengine ningependa iyaache kabisa.

Kipindi chake bora ni kile cha alfajiri, kinachoanza watu wakitoka kuswali, saa ambayo wavuvi wa ngalawa na mashua wanaamua kutoka au kubaki. Mtangazaji husoma kwanza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kama ilivyoandikwa, halafu huifanyia kazi ambayo kituo cha taifa, kwa ukubwa wa nchi kinayoihudumia, hakina nafasi ya kuifanya. Tahadhari inaposema kwamba ukanda wa pwani utakuwa na upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, nahodha mstaafu anayealikwa studio hueleza maana yake kwa maji yetu: mlango upi wa mwamba utakuwa haupitiki, upepo utaanza kuchafuka saa ngapi, na kwa nini mwenye ngalawa asimfuate mwenye boti la injini. Kisha hutajwa maji yenyewe, kama ni bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Taarifa hiyo haiwafai wavuvi peke yao. Wanawake wanaolima mwani hufanya sehemu kubwa ya kazi yao maji yanapokupwa sana siku za bamvua, na mama anayejua kwamba bahari itakauka saa nne anaweza kupanga kupika, kupeleka mtoto zahanati na kuwahi shambani bila kukimbizana na maji yanayorudi.

Umuhimu wa kipindi hiki ulionekana wazi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea pwani yetu. Mamlaka ilitoa tahadhari mapema, lakini wengi walikuwa wakikumbuka kimbunga Jobo cha Aprili 2021, kilichotangazwa kwa uzito mkubwa kikafifia kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa, na vijana kadhaa walikuwa wakisema hata hiki kitapita hivyo hivyo. Redio ikamwalika mzee mmoja aliyekuwa mtoto wakati wa kimbunga cha Aprili 1952, kile kilichoipiga Lindi, asimulie alichokiona. Alizungumza polepole, akataja nyumba zilizoezuliwa na minazi iliyolala upande mmoja, na akamaliza kwa kuwaambia vijana, "Wanangu, pandisheni vyombo juu leo, kesho mtavishusha." Jioni ile vyombo vilipandishwa. Siwezi kusema ni redio peke yake iliyofanya hivyo, ila najua kwamba taarifa ile ile, ikitoka kwa mtu ambaye kijiji kinamfahamu, ilipata masikio ambayo awali ilikuwa haijayapata.

Jambo la pili zuri ni matangazo ya nje, ambayo hufanyika Jumamosi katika kijiji kimoja baada ya kingine. Vifaa ni vichache: spika mbili, jenereta ndogo, meza ya kuchanganyia sauti na simu inayopeleka sauti studio. Watu hukaa chini ya mkorosho au mwembe, mtendaji wa kijiji hufungua, kisha afisa ugani, mganga wa zahanati au kiongozi wa ushirika hujibu maswali ya wananchi moja kwa moja hewani. Nimehudhuria matangazo hayo zaidi ya mara moja na kuyasikiliza mara nyingi, na nasema bila kusita kwamba hapa ndipo redio hii inapostahili jina lake la redio ya jamii.

Nitoe mfano mmoja. Korosho zetu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake chama cha msingi cha ushirika, hupimiwa na kuandikiwa, mzigo huingia ghala kuu, hupigwa mnada, na malipo hupitia benki baada ya makato. Mfumo huu uliingia kwenye korosho mwaka 2007 kwa nia ya kumwondoa mkulima mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, ambao humkopesha wakati wa njaa na kuja kujilipa kwa korosho msimu ukifika. Nia ni njema, lakini safari ya kutoka kwenye mizani ya kijiji hadi kwenye akaunti ya mkulima ni ndefu, na katika kila kituo kuna karatasi ambayo si wote wanaoweza kuisoma. Katika mkutano mmoja alisimama mama mtu mzima akiwa na stakabadhi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akasoma kwa sauti kilo alizopimiwa na kilo alizolipwa, akauliza tofauti imekwenda wapi. Kiongozi wa chama akajibu kwamba ni unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka. Mama akauliza tena: "Mwenyekiti, korosho zangu zilikaa ghalani siku ngapi hata zinyauke kiasi hicho?"

Mtangazaji, binti ambaye hakuwa na hata miaka 25, hakumwondolea kipaza sauti. Alisubiri jibu. Lilipochelewa, akalirudia swali kwa utulivu na heshima, "Mzee wetu, mama anauliza siku," kisha akawageukia waliokaa na kuuliza nani mwingine amekuja na stakabadhi yake. Mikono iliinuliwa. Katika dakika chache hizo wakulima wa kijiji kizima, na wa vijiji vingine waliokuwa wakisikiliza nyumbani, walijifunza kwamba karatasi mbili zile zinapaswa kuwekwa pamoja na kulinganishwa. Mkutano wa ushirika wa kawaida haufundishi hivyo, kwa sababu mwenye swali hukatizwa mapema na asiyehudhuria hapati habari.

Utaratibu huu una mizizi mirefu katika nchi yetu, na inasikitisha kwamba watangazaji vijana hawafundishwi habari zake. Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo mrithi wake leo ni Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, ilirusha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12, na vipindi hivyo havikukusudiwa mtu asikilize peke yake. Vijijini viliundwa vikundi, kila kimoja kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu. Watu walikusanyika kwenye redio moja, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakakubaliana cha kufanya kabla ya wiki iliyofuata, iwe ni kuchimba vyoo, kufyeka nyasi karibu na nyumba au kusafisha visima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa na takribani watu milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo watu wazima wengi walikuwa bado hawajui kusoma. Kabla yake zilikuwepo kampeni za Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, na baada yake ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975. Siutamani urejee kila utaratibu wa enzi zile, kwani maudhui yalitoka juu na msikilizaji hakuwa na njia ya kuuliza swali likasikika nchi nzima. Lakini sehemu moja ya ufundi ule haina kasoro: kipindi kilimalizika kwa makubaliano ya kazi, na wiki iliyofuata kazi hiyo iliulizwa.

Hapo ndipo redio yetu inapofanya jambo nusu nusu. Jumamosi iliyofuata baada ya swali la yule mama, gari lilikwenda kijiji kingine, mada ikawa chanjo ya mifugo, na habari ya kilo zilizopungua haikutajwa tena. Nilisubiri wiki iliyofuata na nyingine, kimya. Sidhani kwamba kulikuwa na hila. Naona ni upungufu wa mpangilio, kwa sababu ratiba inapangwa kwa kufuata vijiji na wageni, wala hakuna daftari la maswali yaliyobaki bila jibu. Dawa yake haigharimu fedha. Dakika kumi za mwanzo za kila tangazo la nje zitengwe kwa majibu ya maswali ya wiki iliyopita, na kiongozi aliyeahidi kuleta maelezo apigiwe simu hewani. Asipopokea, wasikilizaji waambiwe hivyo na apigiwe tena wiki inayofuata.

Matangazo ya vifo ndiyo eneo ambalo lawama yangu ni kubwa zaidi, na naandika nikiwa nimeguswa. Kituo huyasoma mara mbili kwa siku, mchana na jioni, kwa malipo kidogo. Maneno yake kila mtu anayajua: familia ya fulani wa kijiji fulani inasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao, mazishi yatafanyika mahali fulani saa fulani, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Wenye simu hupata habari mapema, lakini wako wazee wengi, na wako wanaokaa mashambani ambako mtandao haufiki, na kwa hao redio ndogo ya betri ndiyo mjumbe wa pekee. Sasa katika wilaya yenye Waislamu wengi maiti huzikwa siku ile ile. Anayefariki asubuhi huzikwa alasiri, na tangazo linalosubiri zamu ya jioni linawafikia watu kaburi likiwa limeshafukiwa. Katika familia yetu lilitokea hivyo hivyo: karatasi ilifikishwa getini kabla ya adhuhuri, zamu ya mchana ikapitwa kwa sababu kipindi cha mdhamini kilirefuka, na shangazi yetu aliyekuwa shambani alisikia jioni kwamba ndugu yake "atazikwa leo saa kumi". Alifika usiku. Hakuna aliyemjibu kwa nini.

Tangazo la kifo lisomwe pale linapofika, kipindi chochote kiwepo, na lisitozwe hata senti moja. Najua kwamba malipo hayo husaidia kununua mafuta ya jenereta, ila yapo mambo ambayo redio ya jamii haiyauzi, na msiba ni la kwanza kati ya hayo. Majina ya vijiji pia yahakikiwe kabla ya kusomwa, maana tuna vijiji vyenye majina yanayofanana na kosa la silabi moja humpeleka mtu kwenye barabara isiyo yenyewe.

Kuhusu sherehe, sina mengi. Tamasha la mwaka lina mpira, kuvuta kamba na msanii kutoka Dar es Salaam, spika zinasikika hadi ng'ambo ya mto, wadhamini wanagawa fulana, na kesho yake hakuna kilichobaki. Ningependa fedha hizo ziende kwenye matangazo ya nje. Tofauti na hilo ni Februari 13, Siku ya Redio Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2011. Siku hiyo kituo hufungua milango, na watoto wa shule huingizwa studio kwa zamu, huvaa vipokea sauti na kusoma taarifa fupi waliyoiandika wenyewe kuhusu mtaa wao. Mwaka uliopita mtoto mmoja alisoma habari ya kisima cha shule kilichoharibika pampu, kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni na kunyooka kufikia sentensi ya tatu. Kituo kingechukua taarifa kama ile na kuifuatilia, kingekuwa na kazi ya mwezi mzima.

Usikivu ni mzuri mjini na kando ya barabara kuu, hafifu nyuma ya vilima, na umeme ukikatika hupita dakika kadhaa kabla jenereta haijawashwa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku hupokelewa kutoka TBC Taifa, na ni vizuri, kwa kuwa kituo hakina waandishi wa kutosha kuandaa habari za nchi. Watangazaji hupewa posho ya nauli, na aliye hodari hachukui muda kabla ya kuitwa na kituo cha mjini. Yule binti wa mkutano wa korosho naye ameshaondoka.

Kwa mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa wilaya hii, ushauri wangu ni kununua redio ya betri na kuifungua alfajiri na Jumamosi. Saa nyingine zilizobaki anaweza kusikiliza kituo chochote akipendacho. Kwa uongozi wa redio, kikao cha wasikilizaji kinakaribia kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa, nami nitahudhuria nikiwa na mapendekezo mawili yaliyoandikwa na kusainiwa na majirani: tangazo la kifo lisomwe bure na papo hapo, na daftari la maswali ya vijijini liwekwe mezani studio, ukurasa wake wa kwanza ukianza na swali la kilo zilizonyauka.