Endere za sokoni Kampala: nzuri, ila simu isikudanganye

Endere, filimbi ya Waganda, huuzwa kwa wingi kwenye masoko ya kazi za mikono. Kwa macho zote ni moja: mwanzi ulio wazi juu na chini, chale ya kupulizia kwenye ncha, matundu manne. Lakini sauti zake zimepangwa kwa namna mbili, na muuzaji aghalabu hakuambii.

Za Kiganda hugawa oktavu (kutoka do hadi do ya juu yake) kwa hatua tano zinazokaribia kulingana, kila hatua kama senti 240 (senti ni kipimo cha sauti: funguo mbili jirani za kinanda hupishana senti 100). Mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann alichapisha vipimo vya kinubi cha Kiganda chenye mpangilio huo mwaka 1950. Nyingine hufuata do, re, mi, sol, la, yaani 200, 200, 300, 200.

Programu ya simu ya kupima sauti hujua kinanda tu. Ikiwa sauti ya matundu yote yakizibwa imelingana na kinanda, endere safi ya Kiganda itaonyesha senti +40, −20, +20, −40 kuanzia tundu la chini, mshale mwekundu kila mara, na bado ni nzima. Tazama ukubwa wa hatua zenyewe. Ukikuta 300 katikati ya 200, hiyo ni ya kupigia na gitaa. Ukiichanganya na amadinda, marimba ya Kiganda, zitagombana.

Ipulize dakika mbili kabla ya kupima, kwani kila nyuzi moja ya joto hupandisha sauti kama senti 3. Pumzi iwe ile ile.

Zinazostahili kuachwa ni zile zenye matundu ya ukubwa mmoja na nafasi sawa. Zinapendeza, basi. Kwa urefu peke yake, kutoka sentimita 40 hadi 35 ni senti 231, lakini 30 hadi 25 ni 316: sentimita tano zile zile, hatua tofauti kabisa.

Kasoro ndogo hurekebishika. Anza tundu la chini, kwa kuwa ukiligusa huvuta na yaliyo juu yake. Sauti ikiwa chini, kwangua ukingo wa tundu ulio upande wa mdomo kwa msasa uliosokotwa. Ikizidi, bandika nta ya nyuki hapo hapo. Matundu yote yakizidi kwa kiasi kimoja ukilinganisha na sauti ya matundu yote yakizibwa, kosa ni la mwanzi kuwa mrefu: punguza ncha ya chini, milimita moja moja.

Mwanafunzi achukue ya bomba la plastiki. Mlio wake mkavu kidogo, ila haipasuki.