TV badala ya monita: miezi minne yangu, na mausi iliyosingiziwa

Natengeneza kadi za michango ya harusi nyumbani, Tabata. Monita yangu ilipokufa sikuwa na hela ya nyingine, nikachomeka kompyuta kwenye TV ya sebuleni, inchi 32, kwa waya wa HDMI. Maandishi makubwa, macho yakapumzika, nikajiona mjanja.

Kasheshe ikaanza kwenye mausi. Navuta jina la bibi harusi nilikalishe katikati ya maua, mkono umeshasimama, jina bado linakuja. Nalirudisha, linapitiliza upande wa pili. Kadi ya dakika kumi ikawa inanila nusu saa. Nikaenda Kariakoo, muuzaji hata hakuniuliza natumia skrini gani: "Mausi imechoka hiyo, bosi." Nikatoa 25,000. Kufika nyumbani, yaleyale.

Aliyeigundua shida ni mpwa wangu wa kidato cha pili, alikuja likizo na gemu lake la mpira. Hakumaliza hata kipindi cha kwanza, akaiweka padi chini. "Anko, hii TV inachelewa. Nabonyeza shuti, beki keshaninyang'anya." Nikamwambia hayo ni maneno ya aliyefungwa.

Akachukua simu yangu, akaweka kamera kwenye fremu 240 kwa sekunde, yaani picha 240 kila sekunde, akarekodi kidole changu kwenye mausi pamoja na skrini. Tukahesabu fremu moja moja, tangu kidole kibonyeze hadi menyu itokee. Fremu 31! Kila fremu ni milisekunde 4 na ushee (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), kwa hiyo zote kama 130 hivi. Humo mna muda wa mausi na kompyuta pia, lakini TV ndiyo iliyokula sehemu kubwa: inapokea picha, inaisafisha, inakoleza rangi, inalainisha mwendo, ndipo inakuonyesha. Mechi ya Simba na Yanga haiharibiki kwa hilo, wachezaji hawasubiri kidole changu.

Mpwa akashika rimoti, akaingia kwenye menyu ya picha, akawasha hali ya gemu (Game Mode). Hali hiyo inazima mengi ya mapambo hayo. Tukarekodi tena: fremu 11, yaani milisekunde 46. Jina la bibi harusi likawa linakaa linapowekwa. Nilitaka nijipime bila kujua ipi imewashwa, lakini hali ya gemu inapausha rangi, jicho linaiba jibu. Na hiyo ndiyo kasoro yake kwangu: nyekundu ya kadi siiamini tena mpaka nichapishe moja.

Kwa jirani mwenye stationari nikaazima monita ya inchi 24, used, ambayo mwenzake nilitajiwa 180,000. Fremu 7, sawa na milisekunde 29. Mpwa akaapa anaona tofauti na TV iliyo kwenye hali ya gemu. Mimi kwa mkono wangu sikuiona, na nilikaa nayo siku tatu nikiitafuta. Kuchapa barua ndiyo kabisa. Hata kwenye zile 130 sikuwahi kulalamika, maana vidole vinakwenda vyenyewe.

Ukienda dukani usibabaishwe na "1 ms" iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni kasi ya nukta za skrini kubadili rangi, siyo muda wa kutoka kwenye kidole hadi kwenye jicho. Skrini ya Hz 60, yaani mara 60 kwa sekunde, inabadili picha kila baada ya milisekunde 16.7, kwa hiyo kusubiri kidogo kupo tu.

Monita ya jirani nimeirudisha. Jumapili iliyopita mama watoto alitaka tamthilia yake iwe na rangi, akaizima hali ya gemu bila kuniambia. Jumatatu asubuhi nimeshika mausi, kishale kinanifuata kama mtoto aliyelazimishwa kwenda shule. Nikaita tu: "Jamani, nani kagusa rimoti?"