Tamthilia nimelipia, nyimbo wameng'oa

Nimejiunga na huduma ya kulipia ya intaneti niione tena tamthilia ya zamani ya upelelezi. Picha safi, haikwami, nikajiandaa kutoa nyota nne ninyamaze. Kumbe nyimbo wameng'oa. Na tamthilia ya upelelezi ikiondolewa nyimbo zake hubaki watu wenye makoti wakikodoleana macho.

Nazungumzia dakika tatu za mwisho za sehemu ya kwanza. Mpelelezi yuko garini usiku, haongei, kilicho moyoni mwake kakabidhiwa mwimbaji wa roki akiseme. Mtindo huo umeenea tangu Miami Vice, tamthilia ya polisi ya Marekani, ilipouweka wimbo In the Air Tonight wa Phil Collins kwenye safari ya gari usiku, mwaka 1984. Hapa wamepachika kigitaa kama kile cha kusubirishia simu. Picha zilikatwa kufuata ngoma. Ngoma haipo, basi taa za barabarani zinapita nje ya mdundo, na dereva anagonga usukani kwa vidole akifuata wimbo anaousikia peke yake. Washa manukuu ya wasiosikia ucheke: mashairi ya wimbo wa zamani bado yanapita chini, mstari kwa mstari! Hata orodha ya mwisho inautaja.

Sababu naijua. Wimbo mmoja unataka ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Mikataba mingi ya zamani ililipia matangazo ya televisheni tu; diski na intaneti ni malipo mengine. Mmoja akikataa, wimbo unatoka. Na pale maongezi yalipochanganywa na muziki kwenye mkondo mmoja wa sauti, kuyatenganisha ni kazi, ndiyo maana kwenye ile sehemu ya baa hatua za miguu zinasikika kama ziko chumba kingine.

Hayo nasamehe. Jibu la huduma kwa wateja sisamehe: "Mpendwa mteja, hakuna hitilafu. Zima kifaa chako kisha ukiwashe tena." Nikiwasha, mwimbaji atarudi?

Nilishaandika hapa msijiunge. Nafuta. Ambaye hakuiona zamani ajiunge tu, hatajua kilichokosekana. Aliyeiona atafute diski za mwanzo, ila asome kwanza nyuma ya kasha. Mengine huandika kwa herufi ndogo kwamba baadhi ya muziki umebadilishwa. Angalau hao wanasema. Hawa wanakata pesa kimya kimya. Nyota mbili. Hapana, moja.