Mpini wa mpingo kwenye bastola ya stenlesi: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua Mtwara

Bastola yenyewe ni Smith & Wesson 686, silinda ya risasi sita, mtutu wa inchi 4, stenlesi tupu. Ilikuja na mpini wa mpira kutoka kiwandani. Nikauvua nikaweka vibao vya mti wa mkongo, kisha vya mpingo, na hivyo vya mpingo ndivyo vilivyobaki. Kwa mtu wa pwani anayetumia risasi za 38 Special, ambazo ni laini, vibao viwili vya mpingo vinavyouacha wazi mgongo wa fremu (mwili wa chuma wa bastola) ndio mpini bora niliowahi kushika. Anayepiga risasi kali za 357 Magnum, ambazo bastola hiyohiyo huzipokea, boksi baada ya boksi, abaki na mpira.

Kabla ya kuuliza mti, ijue fremu. Smith & Wesson wana fremu J, ambayo ni ndogo (Model 60 ya mwaka 1965, rivolva ya kwanza ya stenlesi, iko humo), halafu K (ya Model 66), L (ya 686 yangu) na N. K na L zina umbo moja sehemu ya kushikia, kwa hiyo mpini wa Model 66 unaingia kwenye 686, mradi kitako, yaani ncha ya chini ya fremu, kifanane: kuna kitako cha mviringo na cha mraba. Fremu ya mviringo inaweza kuvalishwa mti wenye umbo la mraba kwa sababu mti unaifunika. Ya mraba haikubali mpini wa mviringo, kona ya chuma itachungulia nje. Ruger GP100 ni habari nyingine kabisa. Haina fremu ya chuma pande zote mbili za kiganja, ina kigingi kimoja tu katikati, na mpini mzima unakivaa kama soksi. Kuchimba mpingo uvae kigingi hicho ni kazi ngumu na mti unabaki na kuta nyembamba. Mwenye GP100 ya mpini wa zamani, ule wa mpira wenye vibao vidogo vya mti vilivyochomekwa pembeni, achongeshe hivyo vibao vidogo peke yake. Atapata uzuri wa mpingo bila kugusa umbo la mpini.

Sasa mkono. Toa risasi zote, hesabu mashimo ya silinda kwa macho na kwa kidole, kisha shika bastola mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Ukishika hivyo, nyama ya ncha ya kidole cha shahada inatakiwa ilale juu ya triga bila kujivuta. Isipofika, utaanza kuzungusha bastola kiganjani ili uifikie triga, na risasi itakwenda pembeni kila mara. Ndiyo maana nasisitiza mgongo wazi. Mpini unaofunika mgongo wa fremu unaongeza karibu nusu sentimita kati ya kiganja na triga. Unapunguza teke, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, ni kweli, lakini mwenye vidole vifupi anapoteza zaidi ya anachopata.

Sehemu ambayo watu wengi hawaiangalii ni ile nafasi tupu nyuma ya tao la triga, kile chuma kinachoizunguka. Vibao vyembamba vya mtindo wa zamani vinaiacha wazi. Bastola ikipiga teke, tao linashuka na kugonga kifundo cha kidole cha kati. Risasi ishirini tu na kidole kimevimba. Mwambie fundi ajaze mti pale, kiasi cha kidole cha kati kulala chini ya tao bila kuligusa kwa nguvu. Kazi hiyo ndogo ilinipa raha kuliko uchongaji mwingine wote.

Mafundi wanapenda kuchonga mifereji ya vidole mbele ya mpini, maana inaonekana ya kitaalamu. Ikatae. Mfereji unaofaa ni ule uliopimwa kwenye mkono wako mwenyewe, na hata huo utakusumbua siku ukishika bastola kwa haraka na vidole vikakaa juu ya matuta. Mbele laini, na uvimbe kidogo pembeni wa kujaza tundu la kiganja, vinatosha. Wangu una unene wa milimita 34 kwenye uvimbe huo.

Kibao cha kushoto ndicho kinachoharibika kwa wachongaji wasiojua rivolva. Silinda inafunguka upande huo, na maganda yakisukumwa nje yanapita kando ya mti kabisa. Mti ukiwa mnene juu, ganda moja linakwama kati ya mpini na nyota ya kusukumia (kile kibati cha katikati ya silinda kinachotoa maganda), na kulitoa ni mpaka utumie kucha. Jaribu kwa maganda matupu sita: fungua silinda, elekeza mtutu juu, sukuma fimbo ya kutolea maganda mpaka mwisho. Yote sita yaanguke yenyewe. Kwenye kibao changu lilikuwa likining'inia lile la karibu na mti. Ilibidi kutoa milimita 3 nyingine kwa tupa ya nusu mviringo, kwa umbo la kijiko, na ncha ya juu ikafifia hadi kwenye chuma. Kama unatumia kipakizi cha duara kinachoingiza risasi sita kwa mpigo, jaribu nacho pia, kwa sababu ni kipana kuliko maganda.

Kuhusu mpira na chumvi nitasema zaidi, kwa kuwa hapa Mtwara, Mikindani na Lindi ndipo uamuzi unapoegemea. Stenlesi inazuia kutu kwa utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaojitengeneza upya kila unapopata hewa. Chumvi inautoboa. Mpira unaobana fremu pande zote unashika jasho na unyevu wa bahari, unanyima chuma hewa, na palepale yanazaliwa madoa ya kahawia, madogo kama punje ya uwele. Ukipitisha ukucha juu yake unahisi kishimo. Madoa ya namna hiyo nimeyaona kwenye fremu yangu chini ya mpira, wakati nje bastola inang'aa kama mpya. Halafu kuna dawa ya mbu ya kujipaka. Yenye kemikali ya DEET inalainisha plastiki na aina nyingi za mpira wa viwandani, na inatafuna vanishi. Mpira unaanza kunata, unashika shati na unakusanya vumbi. Ukiwa umejipaka dawa hiyo, nawa mikono kabla ya kushika mpini wowote.

Mpingo hauna shida hizo. Moyo wake ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake wenyewe, na ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya kama klarineti na obo, ambazo hupuliziwa pumzi yenye unyevu kila siku. Ila mpingo mbichi ni hasara. Wachonga vinyago wengi huufanyia kazi ukiwa bado na maji kwa sababu patasi inaingia vizuri zaidi. Kwa kinyago kikubwa ufa mdogo si kitu. Kwa kibao chenye unene wa milimita 10 na tundu la skrubu katikati, ufa ndio mwisho wake. Jozi yangu ya kwanza, kutoka kwa fundi ambaye simtaji, ilipasuka kuanzia tundu la skrubu hadi chini kabla ya miezi miwili kwisha. Kosa lilikuwa la mti, mchongo wake ulikuwa safi.

Omba kipande cha zamani, mabaki yaliyokaa karakanani mwaka au zaidi, chenye urefu wa sentimita 12, upana wa 5 na unene wa milimita 15 kwa kila kibao. Vyote viwili vitoke kwenye gogo moja ili rangi ilingane. Pangusa ncha zake kwa kitambaa chenye spiriti: uso unakauka haraka, ila mahali penye ufa mwembamba kama unywele hubaki mstari mweusi wenye unyevu. Ukiuona, rudisha. Kataa pia ile sehemu ya nje ya rangi ya maziwa. Ukiwa mpya inapendeza kama mstari pembeni, lakini ni laini na wadudu wanaipenda. Na uliza mti umetoka wapi. Mpingo halali unatoka kwenye misitu yenye usimamizi, kama ya vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, na fundi wa haki hashindwi kukuonyesha risiti.

Silaha haiendi karakanani. Inabaki mahali pake na leseni yake, na unachopeleka ni kadibodi. Vua mpini wa zamani, laza fremu juu ya kadibodi ngumu, chora kwa penseli iliyochongwa vizuri, weka alama ya pini ndogo iliyo chini ya fremu, kisha kata. Fanya upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake. Pima unene wa fremu kwa kipimo cha vernia na uuandike. Peleka na mpini wa zamani ili fundi aone skrubu inakopita. Mwambie aache nusu milimita kila upande. Kumalizia ni kazi yako nyumbani.

Kumalizia kwenyewe kunafanywa kwa kupaka fremu kitu chenye rangi, kubana kibao, kukifungua, na kukwangua pale tu rangi ilipohamia. Kwa mkongo nilitumia masizi ya koroboi. Kwenye mpingo masizi hayaonekani kabisa, kwa hiyo saga chaki nyeupe, changanya na tone la mafuta ya nazi, paka kwa kidole. Alama zinajitokeza juu ya mti mweusi kama chokaa ukutani. Kwangua kidogo, jaribu tena. Mimi nilirudia mara kumi na tano hivi kwa kila kibao, na mtu asikimbilie kupunguza idadi hiyo kwa kukwangua kwa nguvu. Tundu la pini litobolewe pana kidogo kuliko pini yenyewe, likibana sana mti unapasuka pale. Ndani, mti usiingie kwenye uwazi wa katikati ya fremu: kwenye K, L na N mna springi bapa inayopinda kila nyundo inaporudi nyuma, ikisugua mti triga inakuwa nzito. Mbele ya fremu kuna skrubu inayoibana springi hiyo. Hakikisha imekazwa hadi mwisho kabla ya kufunga vibao. Ikilegea nyundo inagonga kwa uvivu na risasi hazilipuki.

Weka vikombe vidogo vya shaba kwenye matundu ya skrubu ili kichwa kisiume mti. Gundi ya epoksi ya kuvibandikia haishiki vizuri kwenye mafuta ya mpingo, pangusa kwanza kwa spiriti na upake ndani ya dakika chache. Skrubu yenyewe ikaze mpaka iguse, kisha sehemu ndogo ya mzunguko, basi. Na funika pua na mdomo wakati wa msasa, vumbi la mpingo linawasha kifua na ngozi.

Msasa ni 120, 240, 400, 600, kisha nta ya nyuki na kitambaa cha pamba. Vanishi usipake. Usitumie sufi ya chuma ukiwa na bastola karibu: nyuzi zake si stenlesi, zinabaki kwenye fremu na kuota kutu. Baada ya 600, ukiupeleka mti dirishani, weusi wake unafunguka na ndani yake unaona michirizi ya zambarau. Fremu yangu imepigwa brashi, ya kijivu, kwa hiyo mng'ao wa nta unaifaa. Juu ya stenlesi iliyong'arishwa kama kioo, mpingo huohuo ungehitaji kung'arishwa zaidi, la sivyo unaonekana umechoka. Mkongo, na wekundu wake wa hudhurungi, unaipa bastola joto ambalo mpingo hauna. Kwa sura tu ningeuchagua mkongo, ila ni laini zaidi na kingo zake za chini zilibonyea mapema. Pembe ya ng'ombe inajikunja kwa unyevu na wadudu wanaila. Ya nyati, jino la kiboko na pembe za ndovu ni nyara za serikali, usiziguse.

Kasoro ya mpingo ni utelezi. Kwa 38 Special huujali. Kwa 357 bastola inapanda kiganjani na inabidi uishike upya kila risasi. Wengine huchongesha vialmasi vya kukwaruza juu ya mti, mimi sikutaka, vinakusanya uchafu na mpingo hubanjuka kwenye ncha kali.

Kila mwezi navua vibao, napangusa fremu kwa kitambaa chenye mafuta mepesi na kuviacha nje nusu saa. Kuvua ni kulegeza skrubu mizunguko mitatu minne na kubonyeza kichwa chake kwa dole gumba, kibao cha upande wa pili kinaachia chenyewe. Ukichokonoa kwa bisibisi utang'oa ukingo. Kiangazi kilichopita, upepo wa kusi ulipokausha hewa, ulitokea mwanya mgongoni upande wa kushoto, unaopitisha karatasi moja ya daftari na si mbili. Mvua za Desemba ziliufunga. Sijaugusa kwa tupa.